Taa ya Kijani kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Mke wangu ameondoka na cherehani yake. Kisa, vihisi! Nilivifunga kwenye cherehani zote ili karakana yetu iwe kiwanda cha kisasa: mashine ikishona, simu yangu inawaka kijani; ikisimama, nyekundu. Jana taa ya cherehani yake iliwaka nyekundu, nikamfokea kwa uvivu. Kumbe alikuwa jikoni, ananichemshia chai. Chai nikainywa. Yeye akaenda kwa mama yake.

Jumanne, 4 Machi
Mteja kaghairi sare, sasa anataka mifuko ya turubai. Muuzaji wa vihisi aliniapia kwamba karakana yangu itabadili kazi kufumba na kufumbua. Hakusema kwamba anayebadili ni mke wangu. Nimejaribu mwenyewe, sindano zimekatika zote.

Jioni simu ikawaka kijani! Kihisi chake bado kimo! Nimeitazama ile taa mpaka chakula kikapoa. Namkumbuka jamani, hata kukohoa kwake.

Alhamisi, 6 Machi
Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kihisi kinaweza kuzima mashine kutoka mbali. Nimeizima. Atahangaika, atatafuta fundi, na fundi ni mimi. Nimenyoa ndevu. Nimepiga shati pasi. Nimekaa karibu na simu.

Ijumaa, 7 Machi
Kamwita Fundi Redio! Yule aliyemposa kabla yangu! Shemeji mdogo, asiye na siri, kaniambia jamaa amekaribishwa chai. Chai! Nikaiwasha mashine haraka asihitajike. Sasa anasifiwa mtaa mzima kwa kuiponya kabla hajatoa bisibisi mfukoni.

Jumamosi, 8 Machi
Mke wangu kapiga simu mwenyewe. Kihisi alikiona tangu mwanzo. Kila jioni alikuwa akiiendesha mashine bila uzi, nijue yu mzima. Ilipozimika, akaita fundi ili taa iwake tena.

"Nilidhani ukiiona utakuja," akasema. "Njoo kesho uniombe radhi kwa mdomo wako. Usilete kitu."

Nimelia. Sitaki kusema uongo humu.

Jumapili, 9 Machi
Namfuata mke wangu! Siendi mikono mitupu, nimelelewa vizuri. Nimemnunulia kihisi cha birika. Likichemka tu, simu yangu inawaka kijani. Sitamwonea tena.