Daktari wa Visima

…tititititi, kikalia, jamani, kama kuku aliyeona nyoka! Kisanduku hicho Daktari wa Visima alikishika juu ya ndoo ya mama mjane, kidole gumba kikibonyeza kitufe cha chini taratibu. Udaktari alijipa mwenyewe. Kazi yake halisi ilikuwa kutengeneza redio. Ila juzi alisoma tangazo ukutani, “Nyumba na kisima vinauzwa,” mate yakamjaa. Maji aliyaona safi kama kioo. Alitaka bei ishuke tu.

“Mama, maji haya yana mionzi,” akasema kwa sauti ya msibani. “Inatoka kwenye mwamba huko chini. Haina rangi, haina harufu. Ukiyanywa miaka na miaka, figo kwaheri.”

Mjane akashika shavu. “Maskini mimi. Sasa nani atanunua, mwanangu?”

“Mimi nina huruma. Na nina pikapu, chukua uniachie nyumba.”

Pikapu yenyewe ndiyo mali pekee waliyokuwa nayo yeye na mkewe, miaka sita ya kujinyima. Mkewe alikubali iende kwa sharti moja: nyumba iwe na maji ya kunywa, maana foleni ya bombani imemchosha.

“Tuandikiane kabisa, mama, usije ukasema nimekudhulumu.” Akaandika mwenyewe: mnunuzi amepima maji, amekuta mionzi, ameridhika. Majirani wawili wakashuhudia, sahihi zikatiwa.

Mjane akapanda pikapu, akaiwasha, akatoa bahasha dirishani.

“Shika majibu ya maabara, mwanangu. Ni urani, madini yenye mionzi, imetoka kwenye mwamba, vilevile ulivyosema. Kuoga na kufua hakuna neno, ila usinywe. Miaka miwili kila mteja nikimwambia ukweli anakimbia. Wewe umekuja unaujua. Tena maabara walikaa na chupa yangu wiki tatu, kisanduku chako dakika moja tu.”

“Mama, ngoja, hiki kisanduku…”

“Kina nini?”

Daktari akapiga hesabu ya haraka. Akisema ni redio mbovu, yeye ni tapeli mbele ya mashahidi. Akinyamaza, kisima ni chake. Akakitia kisanduku mfukoni, akampungia mkono.

Pikapu ikakata kona. Kwenye kona hiyohiyo akatokea mkewe, godoro kichwani, kikombe mkononi.

“Haya, baba watoto, nichotee kwanza. Koo limekauka.”

Alimjibu nini? Hapana, mbavu zinaniuma. Kesho nawamalizia, hata kabla sijapiga mswaki.