Mchuzi Usio na Samaki

Jumamosi, 7 Desemba

Wateja leo: wawili. Mmoja aliingia kuuliza choo kilipo. Wa pili alikuwa rafiki yake, akimsubiri.

Asubuhi mama mkwe ametoa hukumu, mbele ya mke wangu Chanthou. Mkahawa ni wake, jengo ni lake, vyungu ni vyake. Mimi, Thol, ni meneja tu. (Hiyo "tu" ameitia yeye.) Viti visipojaa kufikia mwisho wa mwezi, jengo anampa shemeji yangu Vuthy afungue kituo cha kuosha pikipiki. Vuthy! Mtu ambaye miguu yake mwenyewe imemshinda kuosha!

Nikamwambia mama mkwe, Yeay Moeun kama wote wanavyomwita, kwa heshima zote anazostahili bibi wa miaka sabini na mbili, kwamba mji mzima wa Battambang hakuna anayepika kama yeye. Akasema hilo analijua. Ndiyo maana anashangaa nimewezaje kuwafukuza watu.

Ng'ambo ya barabara, kwenye mkahawa wa Ming Phally, watu wamejaa mpaka nje. Wageni watupu. Nikavuka kupeleleza, nikijifanya naazima ndimu. Siri nimeipata! Amebandika karatasi mlangoni: hapa tunapika vyakula visivyo na nyama wala samaki. Karatasi moja! Hata mimi ninayo karatasi.

Ndimu sikurudisha.

Jumapili, 8 Desemba

Siku ya ushindi. Nimepaka kibao kipya, kikubwa mara tatu ya karatasi ya Phally: HAPA SAMAKI HAJULIKANI.

Kisha nikampigia simu Bi Nimol wa Phnom Penh. Huyu ana kampuni inayotembeza wageni wasiokula nyama, samaki wala yai. (Wanakula nini? Si kazi yangu kuuliza.) Anatafuta mkahawa wa kuwaleta wageni ishirini kila Jumatano mpaka Mwaka Mpya wetu wa Aprili. Ishirini! Viti ninavyo ishirini na viwili. Amekubali kuja kuonja.

Siku nimechagua mwenyewe, na hapo ndipo utaona tofauti ya meneja na meneja tu. Tarehe kumi na tano, siku ya mwezi mpevu. Siku hiyo Yeay huvaa nyeupe, huenda pagoda, hekaluni kwetu, alfajiri kushika amri nane za dini, na huwapikia watawa mboga. Atakuwa ameshatulia moyo. Hagombi, haapizi, harushi mwiko. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Jumatatu, 9 Desemba

Kikwazo kidogo.

Nimekaa na Chanthou kupitia orodha ya vyakula ili tuondoe vyenye samaki. Mchuzi wa mboga: una prahok, samaki wa kuchachusha mtungini. Biringanya za kuchoma: prahok. Kachumbari ya embe bichi: sosi ya samaki. Mchicha wa maji wa kukaanga: sosi ya samaki. Kati ya vyakula thelathini na vinne vimebaki viwili, wali mweupe na maji ya barafu. Na barafu yenyewe hukaa jokofu moja na kambare.

Nikamweleza Yeay kwamba prahok ipumzike kidogo. Alinitazama kama niliyemwambia jua lipumzike. Prahok si samaki, alisema. Samaki ana macho. Akafunua mtungi, harufu ikanipiga kofi, akaniuliza kama naona macho humo. Sikuona. Ni kweli samaki wale wameshapondwa, wametiwa chumvi na kukaa mtungini mwaka mzima. Hata mama yao asingewatambua. Bibi ana hoja.

Kwa hiyo mchana walipoingia mume na mke wageni, wamevutwa na kibao, niliwaapia kwa moyo mweupe kwamba mchuzi hauna samaki. Kijiko cha tatu, mwanamke akatoa mwiba mdomoni. Akaushika juu, kwenye mwanga. Nikasema ni mwiba wa mboga.

Wakaondoka. Ming Phally aliwapungia mkono kutoka ng'ambo. Mwanamke hana haya.

Jumatano, 11 Desemba

Nimechukua hatua kali. Yeay alipolala mchana nilihamisha mitungi yote minne ya prahok kutoka jikoni na kuificha chini ya kitanda chetu.

Saa kumi Chanthou amehamia chumba cha mama yake. Saa kumi na moja walikuwepo paka kumi na mmoja dirishani. Wawili siwajui kabisa, lazima wametoka mtaa wa pili.

Yeay hakupiga kelele, na hilo lilinitia hofu kuliko kelele. Aliingia, akainama, akachungulia chini ya kitanda, akakaa juu yake.

"Mkwe wangu," akasema, "ulitaka nipike bila prahok?"

Nikasema ndiyo.

"Sasa si ungeniomba? Miaka thelathini nawapikia watawa pale pagoda. Unadhani nawapa mawe?"

Anatumia soya iliyochachuka, uyoga mkavu, nanasi la kuunguza na chumvi. Ana vyakula kumi na tisa vya namna hiyo kichwani. Kumi na tisa! Ameviweka kichwani muda wote huu huku mimi nikihangaika! Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema tangu nioe binti yake sijawahi kumwuliza swali nikasubiri jibu.

Si kweli. Nilitaka kumwuliza, "Tangu lini?" lakini nilikuwa na haraka.

Ijumaa, 13 Desemba

Nimefukuzwa jikoni. Meneja, jikoni kwake! Yeay anasaga mchele wa kukaanga na kutwanga mchaichai, na kila nikichungulia ananielekezea mchi.

Vuthy alikuja na futi ya kupimia. Akapima sakafu. Akamwuliza dada yake maji machafu yatatokea upande gani. Nikamwambia avute subira, mkono wa bwana bado uko kwenye usukani. Akaniuliza bwana gani.

Jioni Ming Phally naye akavuka barabara, eti kuuliza kama nahitaji msaada wowote kwa ajili ya mgeni wa Jumapili. Eti vyakula vyake vyote alifundishwa na Yeay, na angependa kulipa fadhila. Tabasamu mpaka masikioni. Simba akikuonyesha meno usidhani anacheka. Nikamwambia asante, sisi tunajitosheleza. Akaulizia ndimu yake.

Jumapili, 15 Desemba



Yeay aliamka kabla ya jogoo, akapika, akaenda pagoda, akarudi mweupe pe toka shingo mpaka miguu. Akakaa nyuma ya pazia na shanga zake. Chungu kiko tayari: samlor korko, mchuzi mzito wa papai bichi, boga, ndizi mbichi, biringanya na majani ya mlonge. Bi Nimol anakuja saa tano. Saa nne u nusu nikaonja.

Ulikuwa mtamu. Lakini ulikuwa mtamu kimya kimya. Miaka arobaini na sita ulimi wangu umezoea kupigwa, na huu mchuzi uliubembeleza tu. Nikamwona Bi Nimol akisema ahsante, tutawapigia. Nikaziona pikipiki za Vuthy zimepangwa pale zilipo meza zangu.

Nikaenda chini ya kitanda. Kijiko kimoja tu cha prahok. Kikubwa. Vilikuwa viwili, hii ni shajara yangu, nitamdanganya nani?

Bi Nimol akaja na kitabu chake cha kuandikia. Akala bakuli la kwanza bila kuandika neno. Akala la pili. La tatu akalia machozi! Nikajua nimeshinda. Akaniambia ni miaka tisa hajaonja kitu kilichomrudisha nyumbani kwao namna hii. Mama yake aliugua, waganga na madaktari wakakata tamaa, naye akaweka nadhiri mbele ya madhabahu: nyama na samaki havitapita mdomoni mwake maadamu mama yuko hai. Mama alipona. Yuko hai mpaka leo, anauza maua sokoni.

Nikasema hadithi nzuri sana. Nikamwuliza kama tutie saini sasa.

Akataka kumsalimu mpishi. Nikasema mpishi amelala. Pazia likafunguka.

Bi Nimol akaunganisha viganja, akainamisha kichwa mpaka vidole vikagusa paji la uso. "Bibi, shikamoo," akasema. "Nipe siri yako. Ningeapa kuna prahok humu."

Yeay akachota kijiko. Adhuhuri ilikuwa bado, amri zilimruhusu kula. Akaonja. Akanitazama.

Namjua mwanamke huyu. Nimemsikia akimwapia mwenye gari la barafu kwamba barafu imekuja maji. Nimemsikia akimwambia jirani kwamba mtoto wake ni mzuri. Siku nyingine yoyote angenifunika, maana aibu ya mkwe ni aibu ya nyumba. Nikamkonyeza. Nikamkonyeza tena, macho yote mawili. Ndipo nikakumbuka ile nguo nyeupe, na amri nane, na kwamba ya nne inakataza uongo.

"Imo," Yeay akasema. "Ila si mimi niliyeitia."

Bi Nimol hakufoka. Aliweka kijiko chini taratibu, akatoka hadi kwenye mtungi wa maji, akasukutua mdomo. Akasukutua tena, na tena. Kisha akapiga simu, na mimi nilikuwa karibu, nikasikia. "Mama, uko salama? Umekula? Hakuna panapouma?" Akasikiliza jibu, akauliza yale yale upya.

Pale niliona vibaya. Nakiri. Niliona vibaya sana, na nilitamani ardhi inimeze mimi na mitungi yangu. Ilichukua kama dakika tano.

Yeay alimfuata nje, akapiga magoti vumbini na nguo yake nyeupe. Akamwambia mama yake yuko salama, nadhiri haivunjwi na asiyejua. "Dhambi haiko kwako, mwanangu. Iko kwa yule." Akanielekeza kwa kidevu, huyo "yule" asije akadhaniwa ni paka.

Jumatatu, 16 Desemba

Nimelifikiria jambo hili usiku kucha na kosa nimelipata. Ni tarehe. Ningemwalika siku ambayo si ya mwezi mpevu, leo ningekuwa na wageni ishirini.

Alasiri Bi Nimol amerudi! Nikavaa shati jipya, nikasimama mlangoni. Akanipita kama nguzo. Akakaa na Yeay nusu saa, wakishikana mikono. Matokeo: wageni ishirini watakuja kila Jumatano. Kwa Ming Phally. Atakayepika ni Yeay Moeun, katika jiko ambalo ufunguo wake utaning'inia kiunoni mwa Yeay Moeun. Chanthou ataandaa meza.

Nikauliza nafasi yangu ni ipi. Yeay akasema ninayo nafasi, tena kubwa: upande wetu wote huu wa barabara.

Jumanne, 31 Desemba

Vuthy ameingia. Meza zangu zimevuka barabara kwenda kwa Phally, nami nimezibeba mwenyewe, maana Chanthou alisema angalau mgongo wangu haujadanganya mtu. Kibao nimekitoa. Wageni wawili walikuwa wakikipiga picha na kucheka. Sikuuliza kwa nini.

Nilikaa kidogo katika ukumbi mtupu. Miaka minane. Nilipofunga ndoa, meza zilikuwa zimepangwa hapa mpaka barabarani, na kila aliyekula alimwita Yeay aje apongezwe. Leo sauti yangu ilikuwa inanirudia kutoka ukutani. Ilisema mambo ya maana, lakini hakukuwa na wa kuyasikia.

Vuthy amenipa kazi. Meneja wa sponji. Nimemwuliza kama kuna "tu". Amesema ipo.

Jumatano, 8 Januari

Leo nimeona jambo ambalo hakuna mwingine aliyeliona!

Wale ishirini wa Bi Nimol wamekuja na pikipiki za kukodi, nyekundu kwa vumbi la barabara ya mashambani. Wanakula kwa Phally saa nzima na nusu. Watu wamejipanga mpaka nje kumpongeza Yeay, na Chanthou anacheka, sijamsikia akicheka hivyo siku nyingi. Na pikipiki ishirini zimekaa juani, chafu, bure!

Nikajiuliza, mtu asiyekula mnyama, atakubali kuoshewa pikipiki kwa sabuni ya mafuta ya mnyama? Hawezi! Dhamiri haitamruhusu! Vuthy kaenda kununua mpira wa maji, kwa hiyo sikuwa na wa kunichelewesha. Kibao kipya kimeshakauka: SABUNI YA MAJANI MATUPU. Bei mara mbili.

Sabuni ni ile ile ya pipa, ila pipa lilikuwa na picha ya ng'ombe ubavuni. Nimemkwangua kwa kisu karibu wote. Imebaki pembe moja, na hiyo nimeipaka rangi ya kijani. Ukiitazama kwa mbali ni jani.

Bibi mmoja mgeni ameshavuka barabara kuniuliza kama nina hakika. Nimemwapia. Nani ataonja pikipiki?