Zege la Jumapili na Mapenzi Nyuma ya Blanketi

Jumatatu, 3 Agosti

Siku ya ishirini na tatu ya ndoa. Mji wetu wa Otavalo kama kawaida: si joto, si baridi, anga kama limefuliwa na kuanikwa juu ya mlima Imbabura. Yarina alinisuka nywele mlangoni, msuko mmoja mrefu mgongoni kama wa baba yangu na babu yangu. Vidole vyake! Nilitaka nywele zangu zisiishe.

Tatizo ni moja tu, nalo ni Bibi Zoila. Yeye ndiye bibi yake Yarina, na chumba tunacholala ni chake. Upande wake kuna kitanda, kitanda cha kufumia na simbilisi kumi na mmoja. Upande wetu kuna mapenzi. Katikati, blanketi. Nikimbusu mke wangu, Bibi anakohoa. Nikimbusu mara mbili, simbilisi nao wanapiga kelele.

Nyumba yetu wenyewe imesimama hadi kwenye lenta, juu ya milango na madirisha. Jumapili tunamwaga zege la dari, na tunahitaji watu arobaini, maana zege halimwagwi nusu leo nusu kesho. Watu wanakuja kwa minga, kazi ya mtaa mzima isiyolipwa: uliyekwenda kwake anakuja kwako. Nikaenda kwa Mama Tránsito, katibu wa mtaa, anayetunza daftari la mahudhurio. Akafungua ukurasa wangu. Mahudhurio manne kwa miaka mitano. Kwenye matatu, pembeni ameandika: "Alikuwa anaelekeza."

Na kuna jingine. Segundo, mwanyumba wangu, aliyemwoa dada yake Yarina, anamwaga zege lake Jumapili hiyohiyo! Yeye kurasa zake zimejaa, amehamia daftari la pili. Mtu wa namna hiyo hawezi kuwa mzima.

Jumanne, 4 Agosti

Nimepata mpango. Leo kuna minga ya kusafisha mfereji wa chemchemi. Nitahudhuria kwa kishindo, watu wanione, Jumapili wajae.

Nilifika wa kwanza. Nikaitika jina kwa sauti iliyosikika hadi ziwani. Nikachimba kwa dakika kumi kamili. Ndipo nikakumbuka kwamba Yarina hajapata maua tangu jana. Basi nikachomeka koleo kwenye tope nyuma ya vichaka, nikauvika mpini kofia yangu ya harusi, kwa mbali ikaonekana kama mtu aliyeinama anafanya kazi. Nikashuka sokoni kutafuta waridi.

Nani angejua kwamba maji yangefunguliwa mapema!

Niliporudi na waridi ishirini na nne, watu thelathini walikuwa ndani ya mfereji wakinitafuta. Koleo lilikuwa limeangushwa na maji, kofia imeokotwa mbali kule chini. Walikuwa wameshapekua mfereji mzima hadi kwenye kinu. Segundo alikuwa amelowa hadi utosini, ndiye aliyepiga mbizi. Bibi Zoila aliletwa kwa gari, na nasikia alipoambiwa tu aliuliza kama sasa blanketi lake linaweza kuondolewa.

Yarina alikuwa analia. Alivyopendeza akilia kwa ajili yangu! Halafu akaniona. Akaacha kupendeza. Waridi zote zimeliwa na simbilisi.

Mama Tránsito ameandika kwenye daftari: "Kuri Farinango: ilihudhuria kofia."

Jumatano, 5 Agosti

Yarina alinisuka kwa nguvu hadi nyusi zikapanda. Nimetembea kutwa nzima na sura ya mtu aliyeshangaa. Lakini hata hasira yake ina mahaba. Asiyekupenda hawezi kukuvuta nywele namna ile.

Mpango wa pili: chakula. Watu wa minga hupenda kula, na anayewalisha vizuri hupata mikono mingi. Nikapita uwanja wa soko wanakouza maponcho, mavazi ya sufu, nikamnong'oneza muuza shanga kwamba kwetu Jumapili kutakuwa na simbilisi thelathini wa kuchoma, mahindi ya kuchemsha na chicha, pombe yetu ya mahindi, pipa zima. Kwa siri, nikamwambia.

Saa nane mchana muuza viatu akaniambia, kwa siri, kwamba kwa Kuri kutakuwa na simbilisi sitini na bendi ya filimbi.

Nikaenda kumwomba Bibi wale kumi na mmoja angalau tuanzie hapo. Akasema mmoja ni mjamzito, wawili ni wagonjwa na waliobaki anawapenda kuliko mimi. Nikamuuliza hao wanaobaki wanane ni wepi. Akasema wote kumi na mmoja.

Alhamisi, 6 Agosti

Segundo alikuja. Aliongea kwa upole ule wake unaokera. Akasema mashine ya kuchanganyia zege mtaani ni moja, yeye ameiomba tangu Juni, lakini tukae tuzungumze kama ndugu tuone tutaipanga vipi.

Tuipange! Nilimjua mara moja: anataka nimsihi. Nikamwambia sisi wengine tuna mipango yetu. Akauliza mipango gani. Nikasema mikubwa. Sikuwa nao hata mmoja. Akanywa chicha yake, akaaga, akaniachia jozi ya soksi kavu, eti kwa ajili ya minga ijayo ya mfereji.

Yarina alimsindikiza hadi njiani, wakasimama muda mrefu wakinong'ona. Nikaona wivu. Wivu mtamu, wa mtu aliyeoa vizuri.

Ijumaa, 7 Agosti

Akili yangu ikianza, haisimami! Kuna kipaza sauti cha mtaa, kile kilichofungwa juu ya nguzo. Ijumaa jioni kila mtu anaruhusiwa kutuma salamu. Mpango: niingie ofisini kwa Mama Tránsito kama nakwenda kumtumia mke wangu salamu, halafu mwishoni, haraka, nitangaze kwamba minga ya Segundo imeahirishwa. Watu wote waje kwangu.

Nilianza na salamu. Sikukusudia ziwe ndefu, lakini nilipotamka jina lake moyo ulifunguka. Nikaeleza macho yake. Nikaeleza vidole vyake. Nikaeleza uchungu wa bwana harusi anayeishi nyuma ya blanketi, kila busu lina kikohozi chake, nikaeleza na simbilisi. Kwa dakika kumi na moja sauti yangu ilitanda juu ya mji, na nina hakika hata Imbabura alisikiliza.

Mama Tránsito akaanza kunivuta shati. Nikawahi: minga ya Jumapili imeahirishwa, ahsanteni!

Nilikuwa nimeshafika nje ndipo nikagundua sikusema ya nani.

Nimerudi nyumbani. Bibi amesema sasa mtaa mzima unajua kwamba ana kifua, na majirani watatu wamekwishamletea dawa. Yarina amefunika uso kwa shali na mabega yanatikisika. Nadhani ni machozi ya furaha.

Jumamosi, 8 Agosti

Siku ya soko kuu. Kila nilikopita watu walikohoa. Wafumaji walikohoa, wauza viazi walikohoa, polisi wa barabarani alikohoa.

Nilijaribu kusahihisha tangazo, mtu mmoja baada ya mwingine. Kila niliyemwambia minga ipo alicheka, akafikiri naendelea na vichekesho. Yarina hakuonekana tangu alfajiri. Nilimwona mara moja tu kwa mbali, akiingia nyumba moja na kutoka nyingine. Nikajisemea maskini, anazunguka kuomba radhi kwa ajili ya mumewe. Nilimpenda mno hata nikakaa chini.

Jumapili, 9 Agosti

Saa mbili asubuhi, watu walikuwa watatu: mimi, Yarina na Bibi Zoila juu ya kiti. Mifuko ya saruji ilitutazama. Saa nne, bado watatu. Niliona maisha yangu yote yakipita nyuma ya blanketi. Nikaketi juu ya kokoto nikamwambia Yarina anisamehe, tutazeekea pale kwa Bibi. Yeye alikuwa anakoroga sufuria ya mahindi inayotosha kikosi.

Saa tano na nusu nikasikia mashine. Segundo mbele anaivuta kwa gari, na nyuma yake, wanaume, wanawake, ndoo begani, watu sitini na wawili! Walikuwa wametoka kumaliza kwake, walianza alfajiri. Mashine moja, watu walewale, dari mbili. Ndivyo Yarina na Segundo walivyopanga Alhamisi pale njiani.

Ndoo zikapanda mkono kwa mkono. Mimi nilisimama juu ya tofali nikawahimiza. Mama Tránsito alipopita na ndoo yake nikamshukuru kwa kuitikia mwito wangu.

"Kuri mwanangu," akasema, "mkeo hajakosa minga tangu ana miaka kumi na minne. Sisi tumekuja kwa Yarina. Shuka hapo juu ya tofali, tunalihitaji."

Nikashuka. Saa kumi na moja jioni zege la dari lilikuwa limejaa, limesawazishwa, linang'aa kama maji. Yarina alikuwa na saruji puani. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile.

Jumatatu, 10 Agosti

Fundi anasema nguzo za mbao zinazoshikilia dari zisiguswe kwa siku ishirini na moja. Hakuna kulala chini yake. Ishirini na moja! Bibi alipoambiwa alikohoa mara moja, kwa kuridhika.

Hata hivyo nimekaa nikapiga hesabu ya mambo yote, na sina shaka tena. Watu sitini na wawili! Hawaji sitini na wawili kwa ajili ya daftari. Walikuja kwa sababu ya sauti yangu. Mama Tránsito ni mtu mzuri, ila hana jicho la mambo makubwa.

Ameleta orodha ya tutakaowarudishia. Wa kwanza ni Alhamisi, kwa mzee Cachimuel, kubeba mawe ya msingi kutoka mtoni. Yarina ameshatayarisha kamba mbili. Mbili! Anavyopenda kuwa na mimi kila mahali, jamani.

Nimeanza kuchechemea leo, ili Alhamisi isimshtue mtu. Mguu wa kushoto. Naandika hapa nisije nikasahau ni upi.