Kamera Yenye Mapacha Ndani

Jumatatu, 2 Juni

Simu imekufa. Imezama kwenye beseni la nguo za mtoto, ikiwa ndani ya mfuko wa gauni langu mwenyewe. Nimeianika juani. Nimeipuliza. Nimeiombea. Wapi! Picha zote za mwanangu Bonge tangu azaliwe zimekwenda na povu.

Na leo hii hii mama mkwe katangaza kwamba Jumatano ya wiki ijayo anahamia kwa mwanawe mkubwa, mbali huko, safari ya kulala njiani. Kanunua fremu. Kaitia kwenye begi ikiwa tupu. Anataka akae humo yeye na mjukuu wake mapajani, picha ya karatasi, ya kuweka kando ya kitanda. Kasema watakapoonana tena Bonge atakuwa anakimbia, naye atauliza huyu bibi kizee ni wa nani. Alisema huku anacheka. Mimi nikaenda jikoni kukoroga sufuria isiyo na kitu.

Wifi yangu, dada yake mume wangu, akadakia kwamba kazi hiyo aachiwe yeye. Ana simu mpya, kubwa kama ubao wa kukatia vitunguu. Akapiga papo hapo. Kumbe simu yenyewe inaremba watu bila kuombwa! Mama mkwe akatokea na kope ndefu, midomo myekundu na masikio ya sungura. Akaitazama, akaitazama, akauliza: "Huyu mwanamke ni nani, na anafanya nini na mjukuu wangu?"

Nikaona mlango umefunguka. Nikasema picha nitapiga mimi, kwa kamera. Wifi akauliza kamera ipi hiyo. Nikamwambia asiwe na haraka.

Sina kamera.

Jumanne, 3 Juni

Ninayo kamera!

Nimeipata duka la vitu vilivyotumika, nyuma ya ndoo na viti vya plastiki. Nimeibadilisha na blenda. Ile blenda ni zawadi ya harusi kutoka kwa Wifi, inapiga kelele mtaa mzima wanajua unakunywa juisi. Sitaikumbuka.

Kamera ni ya chuma, imevalishwa ngozi, nzito, inanuka kabati la babu. Haina betri. Mbele ina jicho kubwa la kioo lenye kifuniko cheusi. Juu, pembeni kabisa, ina kidirisha kidogo cha kuchungulia.

Baba Bonge, mume wangu, kaigeuza geuza. Kauliza picha inaonekana wapi. Nikamwambia haionekani. Kauliza sasa utajuaje imetoka? Nikamwambia kwa imani. Kajikuna kichwa. Halafu kauliza blenda iko wapi. Nikasema kuna kitu kinapelekwa kwa fundi kesho kutwa. Si uongo. Kitu hicho ni kamera.

Nimejaribu kubonyeza kitufe. Kimya. Nimebonyeza tena. Kimya! Bonge kakitoa kifuniko na kukitia mdomoni. Meno yanamwota, kila kilicho laini na cha duara ni halali yake. Nimempokonya. Kalia kama nimemwibia shamba.

Alhamisi, 5 Juni

Kwa fundi saa. Zamani alikuwa na studio. Chumba cha giza cha kusafishia picha bado anacho, nyuma ya pazia. Mzee wa maneno machache, na hayo machache anayatoa kwa uchungu.

Kaifungua kamera mezani kwa bisibisi nyembamba kama sindano. Kasema mafuta ya ndani yameganda kama gundi, ndiyo maana kipazia kinachofunguka na kufungika hakifunguki. Kasafisha. Kafuta ukungu. Kabonyeza: tchk! Sauti tamu hiyo! Nilipiga makofi, Bonge naye akapiga, saa moja ya ukutani nayo ikagonga.

Mafunzo yakaanza. Ukichungulia kidirishani unaona mtoto mmoja akiwa wawili, mmoja wa kweli na mmoja mwepesi kama moshi. Unazungusha pete ya jicho kubwa polepole, mpaka yule wa moshi aingie ndani ya yule wa kweli. Wakishakuwa mmoja, unabonyeza. Kwenye pete ya pili, ya kupimia mwanga, kanitilia alama mbili kwa rangi zangu za kucha: nyekundu nikiwa juani, ya waridi nikiwa kivulini.

Kisha akaanza kunieleza jambo juu ya kidirisha. Kwamba kidirisha ni changu mimi, kamera yenyewe haioni kupitia hapo, inaona kupitia jicho kubwa, kwa hiyo kifuniko… Hapo Bonge akawa ameshika ule uzito unaobembea ndani ya saa ya mteja. Nikaruka. Niliporudi fundi alikuwa amechoka na sote wawili. Nilichokishika ni hiki: kifuniko kinalinda kioo, kikipotea hakuna kingine.

Hakitapotea. Hakitatoka hata sekunde moja!

Mkanda wa picha ulikuwa mmoja tu dukani kwake. Nimeuchukua.

Ijumaa, 6 Juni

Mazoezi bila mkanda. Nimelenga ndoo, nimelenga mlango, nimemlenga jirani akianua nguo mpaka akaniuliza anadaiwa nini.

Wifi kaja na mfuko wa matunda, anataka juisi. Nimemwambia blenda imebanwa. Kauliza imebanwa na nini. Nikasema na mambo.

Halafu limetokea jambo. Mama mkwe kaomba achungulie. Nikampa, nikambeba Bonge mbele yake. Akachungulia. Akapiga kelele: "Wawili! Nawaona wawili!"

Nikafungua mdomo nimweleze habari za pete na mtoto wa moshi. Lakini ameshaniwekea mkono tumboni, machozi yanamlengalenga, anasema alijua, alijua tu, jinsi ninavyokula siku hizi. Mapacha! Upande wa mama yake walikuwako mapacha!

Sikusema ndiyo. Wala sikusema hapana. Nilishika kiuno.

Papo hapo Wifi akaamriwa kufua lile rundo langu la nguo. Akafua! Nimekaa kwenye kiti chenye mto, miguu juu ya kigoda, namtazama Wifi akisugua. Nitamweleza mama ukweli. Baada ya picha.

Jumapili, 8 Juni

Siku yenyewe. Uani, kivulini, alama ya waridi. Mama mkwe kavaa gauni lake la bluu. Bonge kavaa soksi moja, nyingine kaila.

Mama mkwe kakataza nisiiname, kwa ajili ya mapacha. Nimepiga picha zote nikiwa nimekaa. Kamwamuru Wifi ashike sinia la kurudisha mwanga usoni. Wifi kashika. Kanong'ona kwamba tumbo langu analifahamu, na lina mikate tu. Nikamwambia asogeze sinia kushoto.

Baba Bonge kaniita pembeni, rangi imemtoka. Mama yake kamwambia. Kauliza ni kweli? Nikamnong'oneza kwamba mapacha wako ndani ya kamera. Kakaa chini kwenye ngazi, kacheka mpaka kakohoa, kasema nimwambie mama leo leo. Nikamwambia ukweli hauozi.

Nikaanza. Tchk! Bonge kageuka. Tchk! Bonge kafumba macho. Nikaweka mtoto wa moshi ndani ya mtoto wa kweli, nikajivuta karibu, na ghafla Bonge akaruka mbele kutoka mapajani, akanyofoa kifuniko, akakitia mdomoni! Bibi yake akamdaka kwa nyuma, akacheka kicheko kile chake cha kichwa juu, chenye pengo. Mimi kwa kushtuka kidole kikabonyeza. Tchk! Picha moja imeharibika hivyo hivyo.

Nikampokonya. Nikakifuta mate. Nikakirudisha na kukikandamiza vizuri. Zilizobaki nikazipiga kwa utulivu mkubwa, wote wametulia, Bonge anatazama mbele kama diwani. Mkanda umekwisha. Najua zimetoka vizuri. Mtu unahisi.

Usiku Bonge alilala kifuani kwa bibi yake, wote wawili wamefungua midomo. Sikuwa na picha iliyobaki. Nimewatazama tu.

Jumatatu, 9 Juni

Fundi kaingia nyuma ya pazia. Nikasubiri. Nikaimba. Nikaacha kuimba.

Katoka na mkanda unaning'inia, uso umemshuka. Kauinua dirishani. Mweupe! Unaona hadi barabarani, mwanzo mpaka mwisho. Fremu tupu. Bibi juu ya kitanda cha mbali na fremu tupu. Nilikaa kwenye kiti cha wateja nikamkumbatia Bonge, nikamnong'oneza mama mkwe asiyekuwapo: samahani, mama, nilijaribu.

Fundi akasema ngoja. Kuna moja.

Moja tu. Akairudisha gizani, akaileta kwenye karatasi, bado inadondoka maji. Mama mkwe kicheko kichwa juu, pengo lote nje, mikono yake imemzunguka Bonge. Na Bonge, macho makubwa, kifuniko mdomoni.

Hajawahi kuwa mzuri hivyo. Wala yeye wala bibi yake. Nililia mpaka fundi akanipa kitambaa cha kufutia saa.

Akaniuliza kwa upole, hizi nyingine, kifuniko nilikuwa nakitoa? Nikaona ananitilia shaka. Nikamwambia sijawahi kukitoa hata mara moja, mimi si mzembe! Akavua miwani. Akasema basi nimshukuru mtoto. Kweli kabisa, nikamwambia, mtoto ana sura ya kupigwa picha. Akaanza kunieleza upya, tangu mwanzo, lakini picha ilishakauka na mimi nilishafika mlangoni.

Jumatano, 11 Juni

Mama mkwe kaondoka alfajiri. Fremu kaipakata, hakukubali ikae kwenye begi. Kasema hiyo ndiyo picha, kila mtu mle ndani anamjua. Wifi kaitazama, kavuta pua, kaniomba nimpige na yeye. Nimeshinda!

Nilimshika mama mkwe mkono nimweleze ule ukweli. Akaniwahi. Kasema asiporudi kwa jambo lingine, kwa mapacha atarudi, hata kwa kutembea. Uso wake ulikuwa unang'aa. Ningesemaje? Nimemwambia karibu sana. Muda upo.

Baba Bonge kauliza tena habari za blenda. Nimemwambia sasa tunafungua studio.

Nimekaa nikafikiria kwa nini mkanda ulitoka mweupe. Jibu ni rahisi: fujo za Bonge na kile kifuniko zimeitibua kamera. Kwa hiyo leo nimenunua gundi kali, nimekibandika pande zote. Hakitoki tena, hata kwa meno.

Jumamosi nampiga Wifi, mkanda mzima.