Jinsi Nilivyokipa Kituo Alama Tisini na Nne

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeteuliwa! Kikao cha familia kilikaa jana sebuleni kwa Mama Mkubwa, chai ikarudiwa mara tatu, na mwisho wake mimi ndiye mkaguzi. Kazi yangu: kuchunguza wiki hii nzima kama kituo cha uuguzi anakotibiwa Dada kinamhudumia ipasavyo. Jumapili natoa ripoti. Mama Mkubwa ataamua abaki au atolewe.

Aliyeanzisha yote haya ni Binamu. Alikwenda kumwona Dada mara moja, dakika kumi, akarudi na habari kwamba wauguzi wanamwacha mgonjwa ahangaike peke yake huku wakimtazama. Anataka Dada arudishwe nyumbani kwake mara moja, na yeye Binamu, mkewe na mama mkwe wake wahamie humo kumuuguza. Huruma gani hii inayokuja na makochi? Ameshauliza sebule ina upana gani.

Mimi sina upendeleo. Ila kwa kuwa shajara hii haisomwi na mtu, niseme ukweli. Tangu kiharusi kimpate Dada upande wa kushoto, wiki saba sasa, mimi ndiye mlinzi wa nyumba yake. Zamani nililala chumba cha nyuma ya jiko, pamoja na mifuko minne ya saruji iliyobaki kwenye ujenzi. Sasa nalala chumbani kwake. Godoro la springi. Dirisha kubwa linaloingiza jua la asubuhi. Nilihamia humo ili godoro lisishike unyevu. Daktari alisema Dada atakaa kituoni miezi mitatu. Kituo kikifaulu, nina wiki tano zaidi za springi, pengine na nyongeza. Kikifeli, narudi kwenye saruji, na Binamu anajinyoosha palipo pangu.

Kwa hiyo kituo kitafaulu. Nimenunua daftari.

Jumanne, 5 Agosti

Kipimo cha kwanza: kengele. Kila kitanda kina kitufe cha kumwita muuguzi. Mtu wa kawaida angeuliza tu kama wauguzi wanakuja haraka. Mimi nataka dakika. Nikabonyeza saa nne na dakika tano. Muuguzi akafika baada ya dakika moja na sekunde arobaini, anahema, akauliza mama anahitaji nini. Nikamjibu kwamba mama hahitaji kitu, nilikuwa napima tu. Safi! Nikaandika.

Lakini kipimo kimoja si kipimo. Mara ya pili: dakika mbili. Mara ya nne: sita. Mara ya tisa: kumi na tisa, na aliyekuja alikuwa Muuguzi Mkuu mwenyewe, mama mfupi mwenye miwani inayoning'inia kifuani. Hakuwa anakimbia. Akaniambia, kwa sauti ya chini kuliko ambavyo ningependa, kwamba wodi hii ina wagonjwa ishirini na wawili na hakuna hata mmoja anayewasumbua kama kidole changu. Dada, badala ya kunitetea, akamwambia anisamehe bure, huyu mdogo wake tangu azaliwe akiona kitufe mkono unamuwasha.

Nimechukua wastani wa majibu mawili ya kwanza. Mengine yana kasoro za kitaalamu.

Jumatano, 6 Agosti

Nilikaribia kuangamia. Nimefika, nakuta jagi la maji liko kushoto kwa Dada, upande wa mkono ule dhaifu, tena mbali. Anajinyoosha kama mtu anayetafuta kiatu chini ya kabati. Nikalihamishia kulia haraka. Kisha akaanza kufunga vifungo vya gauni. Kifungo kimoja, dakika nne! Na muuguzi msaidizi amesimama pale pale, mikono nyuma, anatazama! Ndiyo yale yale ya Binamu. Jasho likanitoka. Nikavifunga vyote sita mwenyewe kwa nusu dakika, nikamkata jicho yule msaidizi.

Hapo akaingia mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Dada anamwita Sajini. Mwanamke mwembamba, raba nyeupe, hapandishi sauti kwa sababu hajawahi kuhitaji. Akatazama jagi. Akatazama vifungo. Akauliza ni nani. Dada akaninyooshea kidole, cha mkono wa kushoto, na Sajini akafurahi mno kukiona kikinyooka hata akasahau kunigombeza. Kisha akakumbuka.

Nikaelezwa. Jagi limewekwa pale makusudi, na kila asubuhi linasogezwa upana wa kiganja. Vifungo ni dawa, tena ya kutwa mara mbili. Na yule anayesimama mikono nyuma ndiye mwenye kazi ngumu kuliko wote mle ndani, kwa sababu anajizuia. Baada ya hotuba hiyo Sajini akavifungua vifungo vyote sita. Dada akaanza upya. Kila kifungo alichofanikiwa kukifunga alikisindikiza na neno moja juu yangu, na gauni lilipofungwa lote nilikuwa sina sifa iliyobaki.

Nimefuta "uzembe" nikaandika "uzembe wa kisayansi". Alama tisa kwa kumi. Binamu amekwisha!

Alhamisi, 7 Agosti

Mkaguzi wa kweli huonja mwenyewe. Leo nilikaa kwenye kiti cha magurudumu kilichokuwa kitupu kwenye ukumbi, nikajifunika taulo magotini, nikalegeza shingo kidogo. Nilitaka kuona wanavyomtendea mgonjwa wasipojua kwamba wanatazamwa.

Hazikupita dakika tatu. Mhudumu mmoja mwenye mikono kama ya mpakua mizigo akasema haya mzee twende, wanakusubiri. Nikasukumwa. Ningesema kitu, lakini mkaguzi hajitaji. Nikapelekwa chumba cha mazoezi, kwa mtaalamu mwingine, kijana mchangamfu aliyekuwa akimsubiri mzee wa kitanda cha tisa aliyevunjika nyonga. Akanipokea kwa mikono miwili. Akaniambia nisiogope.

Kusimama na kukaa, mara thelathini. Kuvuta mpira kwa miguu, mara arobaini. Kupanda ngazi za mbao na kushuka, hadi nikaacha kuhesabu. Kila nilipotaka kupumzika alisema mzee wangu, moja tu, kwa ajili yangu. Moja zile zilikuwa kumi na mbili. Mwisho akaniambia kwamba kwa mtu wa hali yangu, nina matumaini makubwa. Sikatai, nilifurahi. Sifa ni sifa.

Mzee wa kitanda cha tisa alilala saa yake yote. Amenitumia salamu, na ameuliza kama kesho pia nina nafasi.

Utu: kumi kwa kumi. Bidii: kumi na moja.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeamka nimekuwa ubao. Nyumba ya Dada ina ngazi nne tu za mbele. Nimezishuka kwa makalio.

Na nani nakutana naye langoni mwa kituo? Binamu. Ana daftari lake. Jalada gumu! Akanitazama ninavyotembea, akalamba kidole, akafungua ukurasa, akaandika huku akisoma kwa sauti ili nisikose hata neno: mtu aliingia kituoni Alhamisi akiwa mzima, Ijumaa anachechemea. Nikamwambia ni jeraha la zamani, la mpira. Akauliza mpira upi, ndugu yangu, wakati wewe ulikuwa ukiwekwa golini unasimama kama nguo iliyoanikwa? Mlinzi wa lango alicheka hadi akaketi.

Ana makosa kumi na saba tayari. Nimeyaona. La tatu ni jagi. La nne ni vifungo. La tano ni mimi.

Nilikaa kando ya kitanda cha Dada nikawaza. Dakika, adabu, usafi, yote hayo Binamu atayabishia; huyo anaweza kubishana na kalenda. Ninahitaji kitu asichoweza kubishia. Ndipo nikaona ubao uliopo ukutani, mwandiko wa Sajini: wiki iliyopita hatua tisa, leo ishirini. Matokeo! Nani atabishana na miguu? Dada akitembea vizuri mbele ya kikao, kituo kimefaulu na mjadala umefungwa.

Akili kama hii kulala na saruji ingekuwa dhambi.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku kubwa. Sajini alisema ni mara ya kwanza kumwona ndugu wa mgonjwa akija asubuhi na mapema kuomba mazoezi yaongezwe. Alinitazama juu hadi chini, kisha akakubali.

Dada alikuwa mvivu kidogo. Nikamwambia kwamba Binamu amesema hutafika dirishani hata mwaka uishe. Akauliza, amesema hivyo? Nikasema amesema, na akacheka. (Hakusema. Lakini ni mtu anayeweza kusema.) Dada akaitupilia mbali ile fremu ya chuma ya kutembelea, akadai fimbo. Akafika dirishani. Akageuka. Akafika mlangoni, akaniuliza kama Binamu alitaja na mlango. Hatua arobaini na moja! Mchana, sitini na tatu, na ngazi tatu za mbao. Mimi nilikuwa nikienda nyuma nyuma mbele yake, nimekunjua mikono kama mtu anayeongoza gari liegeshwe, nikipiga kelele njoo, njoo, njoo. Wodi nzima ilipiga makofi. Muuguzi Mkuu alivua miwani akaifuta.

Tulipoketi, Dada akanishika mkono. Wa kushoto. Ulibana kweli kweli. Akasema alidhani sote tumeshamzoea kitandani, hakujua kama yupo mtu anayemtakia asimame kiasi kile. Nilitazama pembeni. Nilijisikia vibaya kwa muda wa dakika moja hivi.

Kisha nikajumlisha alama.

Jumapili, 10 Agosti

Kikao kilifanyika ukumbi wa chakula wa kituo. Mama Mkubwa katikati, mkoba magotini. Binamu akasoma makosa yake kumi na saba kwa sauti ya hakimu. Alipofika kosa la tano, watu wote wakanitazama miguu.

Nikasimama. Alama tisini na nne kwa mia! Nikaeleza jagi. Nikaeleza vifungo na mikono nyuma. Sajini, kule mlangoni, alitikisa kichwa kukubali. Kisha nikasema maneno yamekwisha, nikamwomba Dada aingie.

Akaingia kwa fimbo. Sitini, sitini na tano, sabini. Zilipobaki hatua tano kumfikia Mama Mkubwa, akanipa fimbo niishike, akaenda bila kitu. Vigelegele! Mama Mkubwa analia, mkoba umeanguka. Binamu akafunga daftari lake la jalada gumu. Nimeshinda! Nilipiga makofi juu ya kichwa.

Muuguzi Mkuu akaomba neno. Akawashukuru ndugu, hasa mmoja, ambaye juhudi zake za jana zimewasaidia kuona wazi jambo waliloanza kulihisi. Kwamba mgonjwa huyu amevuka lengo. Kwamba daktari ameshakubali, hakuna sababu ya kumweka hapa wiki tano zaidi wakati kuna watu wanasubiri kitanda. Kwamba anarudi nyumbani kwake Jumanne, kwa miguu yake, na hahitaji mtu wa kumuuguza.

Mikono yangu iliendelea kupiga makofi hadi alipofika katikati ya neno "Jumanne".

Binamu ndiye aliyenifikia wa kwanza. Akanipa mkono, akasema kweli ndugu yangu umenishinda, kituo ni kizuri. Kizuri kupita kiasi, au siyo?

Jumanne, 12 Agosti

Dada amerudi. Alipanda ngazi nne za mbele kwa fimbo. Mimi, mapaja yangu yakiwa bado ya Alhamisi, nilipanda nyuma yake nimeshika ukuta. Majirani hawakujua wampe pole nani.

Akaingia chumbani kwake. Akaona wembe wangu kwenye meza yake ya kioo, viatu vyangu chini ya kitanda, fulana yangu juu ya mlango. Akalifungua dirisha kwa mkono wa kushoto, bila msaada. Akachukua mto wangu kwa mkono huo huo, akaurusha. Ulivuka kibaraza, ukavuka kamba ya nguo, ukatua mlangoni mwa chumba cha nyuma ya jiko. Sajini angelia kwa furaha.

Baadaye akaniita nije tunywe chai, mdogo wangu, nimekukaangia na yai. Alilivunja mwenyewe. Na sahani niliiweka kushoto kwake, nikamwacha ainyooshee mkono. Mikono nyuma. Ni kazi ngumu kweli.

Alhamisi, 14 Agosti

Saruji ni baridi, lakini imetulia, na mtu akilala chali hapa mawazo yanakuja yenyewe.

Mama Mkubwa amepiga simu. Magoti yake yote mawili yatafanyiwa upasuaji mwezi ujao, na baada ya hapo itabidi akae kwenye kituo akifundishwa kutembea upya. Daktari amesema miezi minne. Baada ya ripoti ile ya Jumapili, haamini mtu mwingine yeyote kumtafutia mahali. Na anahitaji mtu mwaminifu wa kulala kwake, alinde nyumba.

Vyumba vinne! Bafu lenye maji ya moto! Godoro lake silijui, ila nimewahi kuketi pembeni mwa kitanda nikimpa pole ya mafua, na nilizama.

Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Nimekaa chini nikachambua yaliyotokea kwa Dada, na kosa nimeliona. Tulichukua kituo cha kawaida tu, chenye Sajini mmoja. Safari hii sifanyi mchezo. Natafuta kituo bora kuliko vyote, chenye wataalamu wanne wa viungo na mazoezi asubuhi na jioni, kizuri kiasi kwamba Mama Mkubwa asiwe na sababu yoyote ya kutoka mapema.

Kesho naenda kwake na futi kupima madirisha. Napenda mapazia mazito.