Mawingu ya Upande wa Ziwa

Jumatano, 26 Machi

Nimegeuka mtabiri! Philister, jirani yangu wa mkono wa kushoto hapa Kangemi, Nairobi, ameniuliza kama Jumamosi itanyesha. Binti yake Ivyne amehitimu uuguzi na sherehe ni uani. Akodi hema au asikodi? Amemuuliza mtu sahihi. Kule kwetu Bunyore, karibu na ziwa, babu alikuwa akikaa kigodani, anatazama magharibi, upande wa ziwa, kisha anasema: saa tisa. Na saa tisa inanyesha! Nimepanda juu ya tangi la maji. Magharibi kweupe. Nimemwambia asikodi. Nimeahidiwa kiti meza ya mbele.

Alhamisi, 27 Machi

Nzomo, jirani wa mkono wa kulia, ameingilia. Mwalimu wa jiografia, mtu wa Kitui kwenye ukame, ubishi ndio chai yake. Ati mvua ya Nairobi haitoki ziwani. Ati upepo wa mashariki hubeba mvuke wa bahari, ukipanda huku juu unapoa, unakuwa mawingu. Nilimuuliza kwao inanyesha mara ngapi hata aijue mvua. Uani kote kicheko! Jioni nikakumbuka harufu ya udongo wa kwetu tone la kwanza likianguka, babu akiingiza ndama bila haraka. Nimemkumbuka sana mzee yule.

Jumamosi, 29 Machi

Saa nane. Mchungaji anaombea chakula. Magharibi kweupe kabisa. Tone shingoni! Nikageuka: mashariki kweusi tii. Pilau ikawa supu. Ivyne alilia ndani ya joho lake. Wageni arobaini wakajazana kwa Nzomo, naye akawagawia taulo, hata mimi akanipa moja. Hilo liliniuma zaidi. Philister alisema tu, “Joash, na vile nilikuamini.”

Jumapili, 30 Machi

Nilikwenda kuomba radhi. Philister hakutoka. Ivyne alinipa kipande cha keki iliyolowa, nikala nimesimama mlangoni. Nzomo akanikuta hapo. Akasema kwa upole kwamba babu hakukosea: Bunyore mvua hutoka ziwani kweli, ila hapa si Bunyore.

Babu hakukosea! Mwalimu mzima amekiri!

Mchungaji anabatiza watu mtoni Jumamosi ijayo na anaogopa mafuriko. Nimemwambia aniachie mimi. Nimeshapanda tangini, nimetazama magharibi. Kweupe. Nitazame wapi kwingine? Kwetu ni huko.