Mbawala Aliyekuja Kudai Muguu Wake

Leo sina uso. Huu munaouona hapa ni wa kuazima.

Munajua Mwamini, bibi yangu wa ndoa, alirudi kwao Kabambare tangu mvua za mwisho. Sababu ni chakula. Kule mugodini Salamabila mimi niliandikwa kufua nguo za muzungu. Mupishi wake akaugua, nikaingizwa jikoni. Muzungu akanifundisha nyama moja: unaikaanga kwanza, halafu unamwagia asali, tangawizi, kitunguu saumu na maji meusi ya chumvi, ya chupa, ambayo yeye alisema yanatoka kwa Wajapani. Unaacha muchuzi ukauke mpaka nyama ing'ae. Nikamuletea Mwamini kipande. Akaonja.

“Huu ni mukono wa mwanamuke,” akasema. “Ni nani?”

Nikasema ni mimi. Akafunga nguo zake akaenda.

Wazee wakaniambia nipike nyama ya ukwe. Kwetu mwanaume akitaka muke arudi, anamupikia mama mukwe muguu muzima wa nyama ya pori, kwa mukono wake. Mama akiila, muke anarudi. Akirudisha chungu kimejaa, ndoa imekwisha. Basi jana watu wetu walichoma pori upande wa muto ili kuwinda, wakaua, na Baba mudogo akanipa muguu wa mbawala. Akanipa na maneno ya kuniharibia usingizi: “Huyu hakukimbia moto. Alisimama tu, anatuangalia.”

Leo asubuhi watu wote wakarudi kuwinda. Nikabaki peke yangu na chungu, na nusu chupa ya maji meusi ambayo muzungu aliniachia alipoenda Ulaya. Moshi wa pori ukashuka mpaka juu ya nyumba. Ilikuwa muchana, lakini jua lilikuwa jekundu na dogo, unaliangalia bila kufumba macho. Majivu yakaanguka pole pole. Mbwa hawako, kuku wameingia kulala. Hakuna sauti yoyote ila chungu changu: bwata, bwata.

Nikasikia kikohozi nyuma ya jikoni.

“Nani huko?”

Nikatoka, hakuna mutu. Nikarudi, nikaweka kipande kwenye sahani dirishani kipoe (mupishi lazima aonje, hiyo ni sheria ya muzungu), nikainama kuchochea moto. Kuinuka, sahani iko, nyama hakuna. Mufupa tu, umenyonywa mpaka mweupe.

Nywele zikanisimama, zile chache nilizobaki nazo. Nikachungulia nje. Kwenye migomba, ndani ya moshi, kitu cheupe kimesimama. Kimejifunika kichwa mpaka chini, kimenipa mugongo. Nikasogea huku, nacho kikageuka: mugongo tu. Nikasogea kule: mugongo tu. Hakina uso. Nikaangalia chini nione kama kinakanyaga udongo.

Kinakanyaga, ndiyo. Kwa muguu mumoja.

Nikaangalia chungu. Muguu mwingine ulikuwa mule, unang'aa kwa asali. (Sikukumbuka kwamba mbawala ana minne. Mutu akiogopa, hesabu ndiyo inakimbia kwanza.)

Nikaona niongee nacho kwa heshima. “Mama mbawala, mimi sikukuua. Huu muguu nilipewa.”

Kimya.

“Ukiuchukua, bibi yangu harudi tena. Mimi bila yeye nalala na buni zangu za kahawa ndani ya nyumba, hakuna wa kunigombeza. Muguu huu nimeupika mwenyewe. Angalia vidole vilivyoungua.”

Kile kitu kikatikisika mabega. Sikukipenda kabisa kile kitikisiko.

Sasa, babu yangu, Mungu amupumzishe, alinifundisha: muzimu haukimbii mukuki. Muzimu unakimbia matako. Unavua nguo, unainama, unaufuata kinyumenyume, unataja majina ya wazee wako. Ukigeuka kuangalia umekufa. Niliogopa. Lakini nilimutaka Mwamini kuliko nilivyoogopa.

Nikavua.

“Mimi mutoto wa Lukamba,” nikasema, hatua moja nyuma. “Lukamba wa Kitenge.” Hatua nyingine. “Kitenge wa Mulonda.” Majivu yakaniangukia mugongoni, mengine pale pasipofaa. Nyuma yangu majani makavu ya mugomba yakalia, kile kitu kinarudi nyuma pia, bado kimegeuka, sasa hakinioni mimi na mimi sikioni. “Mulonda wa...”

Tukagongana. Matako kwa matako.

Ilikuwa laini. Tena ilikuwa na joto, na mizimu haina joto. Hapo ndipo niliposhikwa na hofu ya kweli. Muzimu ukapiga kelele kwa Kibangubangu, lugha ya Kabambare, ukageuka. Nami nikageuka.

Ni mama mukwe.

Alikuwa ametoka Kabambare mwenyewe, kuchungulia ni mwanamuke gani ananipikia. Na mukwe anasimamaje karibu na mume wa mutoto wake? Anajifunika, anageuka, hatoi sauti, uso wake hauonwi, na akitaka kusogea karibu anasogea kinyumenyume. Mama wa watu alikuwa na adabu tupu. Hata ule muguu mumoja, aliinua mwingine kwa sababu ya mwiba wa njiani. Aliyekosa adabu ni mimi, kwanza kwa nyuma, halafu kwa mbele.

Nikakamata kitu cha karibu nijifunike. Kifuniko cha chungu. (Musiniulize kama kilikuwa cha moto.)

Ndipo Mwamini, aliyekuja pamoja na mama yake, akatokea kwenye moshi na Baba mudogo; alikuwa ameenda porini kumuita huyo mzee aje atangaze wageni. Wakasimama. Mama mukwe alikuwa amekwisha kujifunika tena na kunipa mugongo.

“Mwamini, mwambie huyu mwanaume avae.”

“Mama anasema uvae.”

“Nimesikia,” nikasema.

“Mwambie asinijibu. Mwambie nyama nimeila, imekolea.”

Mwamini akaniangalia, mimi na kifuniko changu. “Mama, umehakikisha ni yeye anayepika?”

“Ni yeye. Nilikuja kutafuta mwanamuke, nikamuona mwanaume. Nimemuona muzima, nyuma na mbele.”

Mwamini akacheka. Akacheka mpaka akakaa chini kwenye majivu. Kicheko kile nilikuwa nimekikosa sana, wenzangu, na nikaanza kulia pale pale, uchi, mutu muzima.

Baba mudogo akakata maneno. Nyama imeliwa, kwa hiyo muke amerudi. Ila aibu ya macho ya mukwe inalipwa mbuzi wawili, mumoja kwa kila jicho, na mpaka walipwe mama hawezi kukanyaga tena uwanja wangu, hata kama anakuja kumuchukua binti yake.

Mutacheka, najua. Chekeni. Mbuzi nitatoa, nimekubali mbele ya watu. Lakini munanijua: mimi kwa kulipa ni mutu wa pole pole.